Makava ya Kaki

Uji wa gundi ulipoanza kuchemka, Vestina aliukoroga kwa kijiti, akauangalia unavyovutika, akaongeza unga wa muhogo kiganja kimoja. Gundi ya chupa ilikuwepo dukani, tele, lakini ilitaka hela, na hela ndiyo hasa iliyokuwa haipo. Hata karatasi za kaki alizikopa pale pale kijijini Murungu, kwa kumwapia mwenye duka kwamba kuna mgeni anakuja kutoka mbali na hela mkononi. Mwenye duka alimtazama kwanza kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa, mbele ya wateja wengine, ndipo akampa.

"Mama Nadine," Mwalimu Sylvesta aliita kutoka barazani, "hiyo gundi isiwe nyepesi. Nyepesi inalowesha karatasi."

"Si nyepesi."

"Na isiwe na mabonge."

"Mwalimu, mimi nimekusongea ugali miaka yote hii. Umewahi kukuta bonge?"

Mzee akacheka. Siku hizo alikuwa ameanza kucheka tena.

Murungu nzima ilimwita Mwalimu kwa sababu aliwafundisha watu kusoma, wakubwa kwa wadogo, ndani ya kanisa, bila serikali kumwajiri hata siku moja. Kwa hiyo pensheni hana, bima hana. Alicho nacho ni heshima, na heshima hiyo jaribu kuipeleka dirisha la malipo hospitalini uone watakavyokujibu. Jicho lake la kushoto lilikwisha mwaka uliopita. La kulia lilibaki na mwanga wa katikati tu, kiasi cha kuona herufi kubwa akiinamia karatasi mpaka pua iguse. Daktari wa Kibondo alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji huko Mwanza, ila wasikae sana. Wasikae! Utadhani walikuwa wamekaa kwa kupenda.

Kilichomrudishia mzee kicheko kilikuwa chini ya kitanda, ndani ya masanduku mawili ya mbao aliyoachiwa na padri mmoja wa misheni alipokuwa anarudi kwao. Vilikuwa vitabu vya Kiswahili vya miaka ya hamsini na sitini, pamoja na majarida ya hadithi na mashairi ya enzi hizo, yenye picha zilizochapwa kwa vibao vya kuchongwa kwenye jalada: mpiga ngoma, mama na mtungi, treni inayopanda mlima. Jarida moja, *Kengele ya Jioni*, lilikuwa kamili, toleo la kwanza hadi la mwisho. Vestina aliolewa akayakuta hayo masanduku, akazoea kuyafagilia kwa pembeni kama mtu anavyozoea miguu ya kitanda.

Ni Nadine, binti yao, aliyeyafungua. Anauza kwenye duka la vifaa vya shule la Lukmani mjini Kasulu, na alipokuja Pasaka aliyatandaza yale majarida kwenye mkeka, akayapiga picha moja moja kwa simu. Lukmani alizituma kwa shangazi yake aliyeko Tanga, Bi Mwanaheri, ambaye kazi yake ni kununua vitabu na majarida ya zamani na kuwauzia watu wanaoyakusanya. Bi Mwanaheri alipiga simu siku hiyo hiyo. Alisema atatoa milioni mbili kwa vyote, na atakuja mwenyewe kuvichukua.

"Ila viwe kama nilivyoviona kwenye picha," alisema, na nyumba nzima ilisikia kwa sababu Nadine alikuwa ameweka spika.

"Hakitapungua hata kimoja, mama," Mwalimu alijibu.

Vestina naye alilielewa hivyo hivyo lile sharti, kwamba visipungue. Nani angelielewa vingine?

Basi ikawa kazi ya kuvitayarisha. Mwalimu, enzi zake, alikuwa hampokei mwanafunzi ambaye daftari lake halijajalidiwa kwa kaki, hata kama mwanafunzi mwenyewe ni bibi mwenye wajukuu. Alikuwa akimsimamisha mlangoni mpaka aone aibu. Alisema kitabu kisicho na kava kinatangaza uchafu wa nyumba kilikotoka. Sasa leo anakuja mtu kutoka pwani na milioni mbili, aonyeshwe vitabu uchi?

"Vijalidi vyote," aliagiza. "Na jina la kitabu uliandike nje kwa herufi kubwa, mgeni asipate shida ya kutafuta."

Tatizo likawa majalada yenyewe ya zamani. Yalikuwa yamelegea, mengine yanashikiliwa na pini moja yenye kutu, yana madoa ya chai, pembeni yameliwa na mende. Kaki ikipita juu yake inatuna, haikai. Vestina alihangaika na jarida la kwanza, akahangaika na la pili, la tatu akasema hapana. Akalibandua lile jalada. Lilitoka lenyewe tu, bila hata kelele, na kaki ikakaa juu ya kurasa zilizobaki ikanyooka vizuri. Akarudi kwa yale mawili ya mwanzo, akayabandua na yenyewe. Vitabu vilivyokuwa na karatasi ya picha iliyovalishwa juu ya jalada gumu, akavivua.

Picha alizitazama. Si mtu asiyejua kizuri, Vestina. Ile ya mpiga ngoma aliishika mkononi muda mrefu kidogo. Lakini ilikuwa imechanika kifuani, na mgeni wa milioni mbili humwekei mbele kitu kilichochanika. Akaiweka kwenye rundo la kuwashia moto.

Mkasi aliuazima kwa jirani yake Esteri, fundi cherehani, kwa ajili ya kingo za kurasa.

"Unakata nini huko?" Mwalimu akauliza, alivyosikia mkasi unatembea.

"Kingo. Zimeota manyoya."

"Vizuri. Nyoosha."

Alipomaliza, vitabu na majarida yote yalikuwa safu moja ya kaki ukutani, kila kimoja na jina lake kwa mwandiko wake mwenyewe wa kalamu nene. Mgongo ulimuuma na vidole vilikuwa vimegandana. Mwalimu alisogea akapapasa safu nzima, mwanzo hadi mwisho, taratibu.

"Hapo sasa," alisema. "Hata Mwanza wenyewe wakiviona watasema hii ni nyumba ya watu."

Vestina aliona raha ambayo hakuwa ameiona tangu daktari aseme yale maneno yake.

 

Gari la Lukmani lilifika kabla ya mchana, limepakwa vumbi jekundu mpaka juu ya vioo. Viti vilikuwa vya kuazima kwa Esteri. Jogoo alikuwa amepelekwa kuchinjwa kwa mzee Nurudini, muuza chumvi, ili wageni Waislamu wale bila wasiwasi. Mwalimu alivaa koti lake la kanisani, akakaa wima, uso ameuelekeza upande aliodhani wageni wataingilia.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Lukmani.

"Marahaba, baba. Karibuni. Mama wa Tanga yuko wapi?"

"Niko hapa, Mwalimu. Hujambo?" Bi Mwanaheri alikuwa mtu wa makamo, baibui jeusi, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kisha akaomba maji ya kunawa, na baada ya kunawa akajifuta kidole kimoja kimoja mpaka mikono ikakauka kabisa. Vestina alimpenda papo hapo kwa kitendo hicho.

"Chakula kiko tayari, mama," alimwambia.

"Ahsante sana, dada yangu. Tumalize kwanza kazi, ndipo nile nikiwa nimetulia."

Wakamwonyesha ile safu. Bi Mwanaheri alisimama akatabasamu. "Naona mmevivalisha. Kwa ajili ya vumbi la njiani?"

"Ndiyo desturi ya nyumba hii," Mwalimu alijibu, na kifua chake kilipanda kidogo.

Bi Mwanaheri alivaa miwani, akachukua jarida la kwanza, akalifungua, akaligeuza, akalifungua tena. Akaliweka chini. Akachukua la pili, akapitisha ukucha mahali kaki ilipogandana na karatasi. La tatu hakulifungua hadi mwisho. Kisha akakaa, na Vestina, aliyekuwa amesimama na sinia la vikombe, aliona kwamba yule mama amekaa kama mtu aliyechoka ghafla.

"Dada," alisema polepole, "majalada yako wapi?"

"Si hayo?" Vestina akaonyesha kaki.

"Haya ni ya kwako. Nauliza ya kwake yenyewe. Yale ya picha."

Alitoa simu, akatafuta, akaishika karibu na jarida alilokuwa amelipakata. Kwenye simu mpiga ngoma alikuwa mzima, amekenua, ngoma iko katikati ya magoti, na pembeni bei imeandikwa senti hamsini. Mkononi kulikuwa na kaki, na maneno KENGELE YA JIONI 1.

"Ndilo hili?"

"Ndilo," Vestina alisema.

"Kuna nini?" Mwalimu akauliza. "Mama Nadine, kuna nini?"

"Mwalimu, nitakuambia ukweli, kwa sababu wewe ni mtu mzima na mimi ni mtu mzima," Bi Mwanaheri alisema. "Maneno ya ndani mteja wangu anayo. Yako maktaba, yamepigwa picha, anayasoma akiwa kwake. Anachonunua kwangu ni jarida lilivyotoka kiwandani. Jalada lake, picha yake, bei yake, hata doa lake. Likishatolewa jalada na kukatwa kingo, kwake yeye linakuwa la kusomea tu."

Mwalimu aligeuzia uso sauti ilikotoka. "Na lilitengenezwa kwa kazi gani nyingine?"

"Kazi ni hiyo hiyo, Mwalimu. Soko ndivyo lilivyo."

"Shangazi, haiwezekani yakabandikwa tena?" Lukmani aliuliza.

"Yako wapi ya kubandika?"

Hapo wote wakamgeukia Vestina, hata Mwalimu, ambaye hakumwona ila alijua aliposimama. Vestina aliweka sinia chini. Mengi yalikuwa yamekwenda motoni, lakini si yote. Yale laini laini alikuwa ameyachana vipande vinne vinne akayatundika kwenye msumari, na msumari wenyewe ulikuwa chooni. Alitoka. Alipita nyuma ya nyumba, akaingia, akayatoa yaliyobaki. Alisimama humo ndani kidogo na vile vipande mkononi. Alitamani asitoke tena, lakini watu walikuwa wanamsubiri.

Alirudi akavipanga mezani. Bi Mwanaheri hakusita kuvishika. Alivisogeza kimoja baada ya kingine, akakutanisha mtungi na bega, akakutanisha treni na moshi wake, na kila alipopata vitatu cha nne kilikuwa hakipo.

"Vilikuwa wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Nje," alisema Vestina.

Lukmani aliangalia kalenda ya kanisa ukutani kana kwamba anatafuta sikukuu. Alikuwa ameelewa, na Vestina alijua kwamba ameelewa, na kwamba Kasulu, nyuma ya kaunta ile ile, Nadine naye ataelewa.

"Mama," Vestina alisema, "toa ulicho nacho. Toa nusu. Hata robo, mama, sisi tutashukuru. Ni jicho lake, mama. La pili limeshakufa."

"Vestina," Mwalimu alisema. Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina mbele za watu.

"Acha niseme, Mwalimu. Wewe huoni mimi ninavyoona."

Bi Mwanaheri alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dada yangu, mimi mwenyewe nakopa ndipo ninunue. Nikivichukua hivi, vitanilalia ndani. Nitakulipa kwa nini, na aliyenikopesha nitamwambia nini? Laiti ungeviacha na uchafu wake. Mende wake, chai yake, vyote ningevilipia."

"Kosa ni langu," Mwalimu alisema kwa sauti ya darasani. "Mimi ndiye niliyeagiza vijalidiwe. Mke wangu amefuata neno langu, na kazi ameifanya vizuri."

Lilikuwa neno la heshima, na alilisema mbele za watu ili liwe limesemwa. Vestina angeona afadhali angemtukana.

Halafu wakala. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana jogoo alikuwa ameshaiva, na wageni huwezi kuwafukuza na njaa, na wageni nao hawawezi kukataa chakula cha watu waliowakatalia vitabu. Bi Mwanaheri alisifu mchuzi. Mwalimu alimpapasia mgeni wake paja la kuku sahanini, akapata shingo, akampa hiyo, na Bi Mwanaheri akaipokea kwa mikono miwili.

Wakati wa kuondoka, kwenye mlango wa gari, Bi Mwanaheri alimshika Vestina mkono akaacha noti zilizokunjwa. "Ya sukari," alinong'ona. "Usiseme hapana."

Vestina alitaka sana kusema hapana. Alikuwa hajawahi kupewa ya sukari na mtu aliyekuja kununua kitu kwake. Lakini kaki ilikuwa bado haijalipwa, na yule mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni kwake anaangalia gari linavyogeuza. Akazifungia noti kwenye pindo la kitenge.

 

Jioni ile ile, jua bado liko juu ya migomba, Mwalimu alikuwa hajavua koti.

"Mengine uliyapeleka wapi?" aliuliza.

"Nimewashia moto."

"Moto wa nini?"

"Wa chai."

"Chai ile niliyosema imekolea?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mtoto anataja herufi. "Basi tuliinywa," alisema.

Vestina alikaa chini kwenye mkeka akalia, akalia kwa sauti, mpaka Esteri aliyekuja kuchukua viti vyake akarudia njiani. Mwalimu hakumbembeleza, wala hakumgombeza. Alikuwa hajui afanye lipi.

"Nta kundi," alisema mwishowe, kwa lugha ya nyumbani. Hakuna namna. Kisha akaomba asaidiwe kuvua koti.

 

Walihangaika, isidhaniwe kwamba walikaa. Padri alitangaza mchango kanisani, watu wakatoa walichonacho baada ya mavuno mabaya, zikapatikana hela za matone ya dawa ya jicho na nauli ya mtu mmoja kwenda, bila ya kurudi. Nadine aliomba apewe mshahara mbele. Lukmani alimwambia, kwa upole tu, kwamba kwanza wamalizane habari ya mafuta ya gari la kwenda Murungu na kurudi, maana yeye alipoteza siku nzima. Akamkata kwenye mshahara. Nadine alimpigia mama yake simu akamwambia, na baadaye akauliza lile lililokuwa moyoni mwake.

"Mama, kwa nini hukunipigia kwanza? Ungeniuliza tu."

"Nilijua, mwanangu. Mtu huulizi unachokijua."

Vestina alijaribu kuviuza mwenyewe. Alivipakia kapuni akavipeleka sokoni Kibondo siku ya gulio, akavipanga kwenye khanga pembeni ya mitumba. Watu walishika, wakasifu kava, wakauliza kama kuna vya mtaala mpya. Muuza karanga mmoja alitaka kuvinunua kwa kilo, afungie. Vestina alimtazama yule mtu, akataka kumwambia maneno, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeanza, na kwa kazi mbaya kuliko ya kufungia karanga. Alivirudisha kapuni. Siku ya miadi ya upasuaji Mwanza ilifika, ikapita, mvua ikiwa inanyesha.

Matone yalipokaribia kwisha alianza kumtilia moja badala ya mawili. Mwalimu alikuwa anajua, kwa sababu alikuwa anasubiri la pili huku kichwa amekiinua, lisipokuja anashusha kichwa. Lakini alisema anaona. Kila asubuhi alisema hivyo. "Leo naona vizuri," alikuwa akisema. "Kile si kitenge chako cha njano?" Na kitenge kilikuwa cha njano kweli, maana alikuwa nacho kimoja tu cha kutokea. "Mahindi yamepanda," alisema siku nyingine, uso umeelekea shambani, na mahindi yalikuwa yamepanda, maana ulikuwa mwezi wake. Vestina alianza kuwa na tumaini. Alimwambia Esteri kwamba labda daktari alikosea, labda Mungu amelishikilia lile jicho moja kwa mkono wake. Alikuwa anahitaji sana iwe hivyo. Jicho likibaki, basi kosa lake halikuua kitu.

Alasiri moja mvua ilipokatika, alikaa barazani anapukuchua maharage. Mwalimu alitoka ndani anagusa ukuta kwa mgongo wa mkono. Alikuwa amechukua kimoja kwenye ile safu. Alikaa kwenye kigoda, palipo na mwanga, akavaa miwani yake, akakifungua magotini.

"Nikusomee?" alisema. "Siku nyingi sijakusomea."

"Nisomee."

"Ile ya kwenye *Kengele*, ya karani wa reli aliyehamishiwa Tabora na kuku wake."

"Ndiyo hiyo hiyo. Naipenda."

Akaanza. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, Mwalimu, na ile hadithi alikuwa anaisoma kwa sauti tofauti tofauti: karani anasema kwa puani, mkuu wa stesheni anakoroma, mke wa karani anasema haraka haraka. Alisoma karani alivyojaribu kuwakatia kuku tiketi. Alisoma jogoo alivyotoroka akaingia kwenye behewa la daraja la kwanza, akatua kwenye kofia ya bwana mkubwa. Vestina alicheka pale pale anapochekaga siku zote, akafuta jicho kwa kiwiko, akainua uso kumtazama mumewe anavyosoma.

Jua lilikuwa linapiga kwenye kaki sawasawa. Juu yake, kwa kalamu nene, kwa mwandiko wake yeye Vestina, kuliandikwa UFUGAJI WA NYUKI. Ukurasa uliokuwa wazi mapajani ulikuwa na mchoro wa mzinga, umekatwa katikati kuonyesha masega. Mwalimu alipitisha kidole chini ya mstari ulioeleza namna ya kufukiza moshi, akasema mke wa karani akamwambia mumewe, mimi siondoki stesheni hii bila jogoo wangu. Kisha akafika mahali pa kufunua ukurasa, akafunua.

Mikono ya Vestina ilibaki ndani ya ungo. Hapo ndipo alipojua kwamba jicho la kulia nalo limekwisha, tena si jana wala juzi, na kwamba kitenge cha njano na mahindi vyote vilikuwa vya kukisia, kwa ajili yake yeye, asijilaumu. Zamani hata gizani mzee angeijua *Kengele* yake kwa kuigusa jalada. Ni yeye, Vestina, aliyevifanya vyote kuwa kimoja mkononi mwa mzee. Alihisi kilio kinapanda kama siku ile ya mkeka, akakimeza.

Mwalimu alikuwa ameacha kusoma. Aligeuza uso kidogo, akimtafuta kwa sikio. "Mbona maharage yamenyamaza?" aliuliza. "Nimesoma vibaya?"

"Hapana," Vestina alisema. Akachukua ganda jingine, akalipasua. "Unasoma vizuri. Karani amefikia wapi?"

"Bado wako stesheni."

"Endelea, Mwalimu. Nakusikiliza."

Mwalimu akalamba kidole, akafunua ukurasa.